Amana ya Mtoto Mdogo: Mchezo wa Uwandani na Wajibu wa Mlinzi

Shukrani ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtoto dhaifu akamjaalia wazee wa kumlea. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Miongoni mwa mambo ambayo wazee hukhitilafiana juu yake ni mchezo wa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba akionekana uwanjani miguu imejaa vumbi na mikono imejaa udongo, mmoja husema, "Mwacheni, ni mtoto huyo", na mwingine husema, "Mwiteni, siku zinampotea." Walio wengi huifuata kauli hii ya pili, wakidhani kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na dini. Mtoto, kwa rai yao, hupelekwa skuli apate kusoma, na hupelekwa chuoni apate kukhitimu, na kila saa anayoicheza ni saa iliyoibwa katika ilimu yake. Wengine hawana neno na mchezo wenyewe, lakini huchelea madhara: gari, kisima, nyoka, maji, na watoto wenye tabia mbaya. Hao humfungia mtoto mlango, kisha wakatulia nyoyo zao, wakiona kuwa amana wameitimiza.

Basi suali lililo mbele ya msomaji ni hili: mwenye kumzuia mtoto mdogo asicheze nje, ama kwa tamaa ya ilimu ama kwa khofu ya madhara, jee, huwa ameitimiza amana ya mtoto huyo, au huwa ameipunguza?

Mfano utakaotumika katika kurasa hizi ni wa Mwanza na pwani za Ziwa Viktoria. Umekhitariwa kwa sababu huko khofu ya wazee ni khofu ya haki, yenye misingi inayoonekana kwa macho. Likithubutu huko kuwa mtoto ana haki ya kucheza, itakuwa wepesi zaidi kuthubutu Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu.

KHABARI YA MJI NA WATOTO WAKE

Mwanza si mji mgeni kwa watu wa pwani. Misafara ya wafanya biashara wa pwani ilikuwa ikifika kusini ya ziwa hilo tangu karne ya kumi na tisa, na lugha ya Kiswahili ikafuata njia zizo hizo. Reli ilipofika mwaka 1928, safari iliyokuwa ya miezi kwa miguu ikawa ya siku chache, na jamaa wengi wa pwani wakawa na ndugu zao huko. Mji umejengwa juu ya vilima vya matale, mawe makubwa yaliyobebana moja juu ya jingine, na mashuhuri katika hayo ni Jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na ufuo. Na ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lapata kilomita za mraba 68,800, na nchi tatu zimelizunguka: Tanzania, Uganda na Kenya.

Kando ya maji hayo mtoto hukua akizitazama kazi za wakubwa wake. Huona mitumbwi ikitiwa dawa, nyavu zikishonwa, dagaa wakianikwa mchangani, na sato na sangara wakipimwa kwa mizani katika mwalo wa Kirumba. Na huko mashamba, katika nchi ya Wasukuma, mtoto wa kiume hufuata ndama na mbuzi malishoni tangu angali mdogo. Malishoni humo wengi wamejua kuhesabu mifugo kabla ya kuiona namba iliyoandikwa. Hufinyanga ng'ombe wa udongo, wakamtia pembe na nundu. Hucheza isolo, ambayo ni ndugu wa bao la pwani, kwa vishimo vya ardhini na kokoto. Mtoto wa pwani naye ana rede yake, na kombolela, na mdako, na tiara ya karatasi wakati wa upepo. Katika yote hayo mtoto hujifunza kungoja zamu, kushika kanuni, kuhesabu upesi, na kushindwa bila ya kufanya ugomvi. Wala hapana mtu aliyemwambia kuwa anasoma.

Siku hizi mtoto huyo huingia skuli mapema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa darasa la awali kabla ya darasa la kwanza, na kuanzia mwaka 2016 ada iliondolewa katika skuli za msingi za serikali, watoto wakamiminika. Kheri hiyo ni kubwa, wala mwenye insafu haikanushi. Watoto wa mvuvi na wa mchunga ng'ombe wamepata pa kukaa pamoja na wa tajiri. Lakini kheri hiyo ilikuja na dhiki. Kiasi kilichowekwa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na skuli nyingi zimekipita kiasi hicho mara kadha wa kadha. Katika darasa lililojaa hivyo mtoto huketi sakafuni amebanana na mwenziwe, wakaimba silabi kwa sauti moja kutwa. Mwalimu, ambaye hawezi kuwatoa nje wote peke yake na kuwarudisha wote salama, huona afadhali wabaki ndani. Hivyo mchezo hutoka katika siku ya mtoto pasipo mtu aliyekusudia kumdhulumu. Na dhulma isiyokusudiwa huwa ngumu kuiondoa, kwani hapana anayejiona kuwa ndiye mwenye kosa.

DALILI KATIKA MWENDO WA MTUME NA MANENO YA WANAVYUONI

Mwenye kudhani kuwa dini inauchukia mchezo wa mtoto na aupitie mwendo wa Mtume (S.A.W.) tangu utoto wake.

Kwanza, yeye mwenyewe alitolewa mjini Makka akapelekwa uwandani kwa Bani Saad, akalelewa na Bibi Halima, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa Makka kuwatafutia watoto wao hewa safi na lugha fasihi. Na Imamu Muslim amepokea kuwa Jibrili alipomjia kukipasua kifua chake kitukufu na kuusafisha moyo wake, alimkuta akicheza na watoto wenziwe. Jambo tukufu kama hilo lilimkuta mchezoni, wala mchezo huo haukutajwa kwa aibu.

Pili, Anas bin Malik alimtumikia Mtume tangu angali mtoto. Siku moja alitumwa kazi, akawapita watoto wanacheza sokoni, akasimama nao. Mara akahisi mtu amemshika kwa nyuma shingoni. Alipogeuka akamwona Mtume anacheka. Akamkumbusha ile kazi kwa upole, na Anas akenda. Wazee wangapi wa leo, mtoto wao akichelewa na kitu cha dukani kwa sababu ya mchezo, hucheka?

Tatu, ndugu yake Anas, aliyeitwa Abu Umair, alikuwa na kindege chake cha kuchezea, kikafa. Mtume, pamoja na mashughuli yote ya umma aliyokuwa nayo, alimwuliza mtoto huyo khabari ya kindege chake ili kumliwaza. Mwanavyuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hiyo, akatoa ndani yake faida zipatazo sitini. Hadithi ya mtoto na kindege chake haikuwa ndogo machoni mwa wanavyuoni.

Nne, amepokea Imamu Nasai kuwa Mtume alirefusha sijida katika sala ya jamaa hata watu wakashangaa. Na sababu ilikuwa ni mjukuu wake aliyempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla mtoto hajatosheka.

Tano, katika hadithi iliyo sahihi Mtume ameamrisha watoto waingizwe majumbani jua linapokuchwa. Katika amri hiyo mna faida mbili. Moja ni kuwa mchezo una mpaka, na wa kuulinda mpaka huo ni mzee. Ya pili ni kuwa watoto hao, kabla ya jua kuchwa, walikuwa nje. Kwani haambiwi mtu amwingize ndani aliyekuwa ndani kutwa.

Na wanavyuoni waliokuja baadaye waliufuata mwendo huo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ametaja katika Ihya kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha na taabu ya chuo, pasipo kumchosha. Akaeleza kuwa mwenye kumzuia mtoto na mchezo na kumlazimisha masomo daima huufisha moyo wake, huizima akili yake, na humfanya atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Na katika mlango huo huo akataka mtoto azoezwe kutembea na kujitaharakisha mchana ili uvivu usimtawale. Naye Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1406), ameonya katika Muqaddima yake kuwa ukali juu ya wanafunzi, na khasa wadogo, huwafundisha uwongo na hila, kwani mtoto huficha yaliyomo moyoni mwake kwa kuogopa mkono wa mwalimu.

Mtu akiyatazama maneno ya maimamu hawa wawili kwa pamoja ataona kuwa walikuwa wakiichunga ilimu, hawakuwa wakiipunguza. Walimwona mtoto aliyechoshwa akiichukia Kurani kwa sababu ya mwalimu, wakaogopa.

NAMNA MCHEZO UNAVYOMFUNDISHA MTOTO

Atasema mwenye kusema: "Yote haya yathibitisha kuwa mchezo ni halali na ni mapumziko. Hayathibitishi kuwa ni ilimu. Mtoto wa darasa la awali amekwenda kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mchezo utamsaidia nini?"

Jawabu yake inaonekana mikononi mwa mtoto mwenyewe. Kuandika ni kazi ya vidole, na vidole havipati nguvu kabla ya mkono na bega kupata nguvu. Mtoto aliyepanda, aliyebeba, aliyefinyanga udongo na kuchora mchangani huishika kalamu kwa wepesi. Na asiyefanya hayo huibana kalamu mpaka kiganja kikamwuma, kisha akaambiwa kuwa ni mvivu. Kuhesabu nako huanza katika vitu. Mtoto aliyegawa kokoto ishirini katika vishimo vinne, akaona kila kimoja kimepata tano, amekwisha kugawanya. Na alama zitakazoandikwa ubaoni baadaye zitakuwa ni jina la kitu anachokijua.

Na kuhusu lugha, Mwanza ina jambo lake khasa. Watoto wengi huko hutoka majumbani mwao na Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na Kiswahili ndiyo lugha ya skuli. Mtoto huyo akiketishwa kimya darasani, hukisikia Kiswahili kama mvua juu ya bati. Akiwa mchezoni hukipata kwa haja, kwani lazima amwambie mwenziwe: nipe, ngoja, zamu yangu, umetoka. Maneno yaliyoingia kwa haja hukaa.

Ama adabu, mahali pake pa kwanza pa kupimwa ni mchezoni. Huko ndiko mtoto anapokutana na ukweli na uwongo, na insafu na dhulma, katika mambo madogo yasiyo na khasara kubwa. Aliyeguswa akakana kuwa hakuguswa, wenziwe watamkataa kesho. Kipimo hiki humfikia mtoto kabla hajaweza kuelewa waadhi wa msikitini.

Watu wa pwani wanao ushahidi wao wenyewe katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona kuwa watoto wao wanaingia skuli wakiwa nyuma ya wenzao, wala hawakutaka kuwapa ilimu ya dunia kwa kuwaondolea dini yao. Kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, zikaanzishwa Mombasa skuli ndogo za watoto zilizofungamana na madrasa, na mwalimu mashuhuri wa mwanzo wao alikuwa Bi Swafiya Said. Walimu walikuwa akina mama wa mitaa ile ile. Vifaa vyao vilikuwa vifuu, magunzi, mchanga, mbegu na vipande vya mbao. Na ndani ya mchezo huo zikatiwa dua, adabu za kula na kuamkiana, na visa vya Mitume. Kazi hiyo ikafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na Uganda ndiyo yenye pwani ya kaskazini ya ziwa hili hili. Baadaye Unguja na Pemba pakawa na masomo ya redio kwa watoto wadogo wasio na skuli karibu, yakapewa jina la Tucheze Tujifunze. Na katika mkoa wa Mwanza wenyewe, mradi ulioitwa Fursa kwa Watoto ulifanya kazi pamoja na madarasa ya awali ili mchezo urudi katika masomo. Basi mwenye kusema kuwa jambo hili ni geni kwa Waislamu na aende akawaulize akina mama wa Mombasa.

KHOFU YA ZIWA

Inabaki sasa khofu, nayo ndiyo hoja nzito. Mzee wa Mwanza atasema: "Hayo ya Mombasa ni mema. Lakini mwanangu akitoka mlangoni hukutana na maji, na maji haya yanaua." Na asemayo ni kweli.

Watu wa ziwa hilo hawajaisahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Wala tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Na mbali na misiba hiyo mikubwa, iko midogo isiyoandikwa magazetini: mtoto aliyekwenda kuteka maji asirudi, na mtoto aliyefuata mpira wake. Katika maeneo mengine ya ufuo wako mamba na viboko. Na juu ya yote hayo kuna kichocho.

Katika kichocho pana zingatio kubwa. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa majini, akapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, akakaa mwilini mwake miaka, akamletea maradhi ya matumbo na ini. Watoto wa skuli za kandokando ya ziwa hupewa vidonge vyake, lakini aliyepona akirudi majini huugua tena. Lakini konokono huyo humpata wapi mdudu? Humpata katika choo cha watu kilichotupwa au kusombwa majini. Mtoto anayecheza ufuoni haugui kwa sababu amecheza; anaugua kwa sababu mkubwa mmoja hakuchimba choo, au alikuwa nacho akaona uvivu kukiendea. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amewaonya watu na mahali patatu pa kuleta laana akiendea haja mtu hapo: penye maji watu wanapoyaendea, njiani, na kivulini. Mwenye kuzingatia ataona kuwa mahali hapo patatu, maji, njia na kivuli, ndipo hapo hapo watoto wanapocheza.

Kisa cha Nabii Yusufu, amani imshukie, chatosha kuwa mizani katika jambo hili. Ndugu zake walipomtaka kwa baba yao ili atoke nao kesho, sababu waliyoitoa ilikuwa ni kula na kucheza. Nabii Yaakubu hakuukanusha mchezo, wala hakusema kuwa Yusufu ni mkubwa mno au mtukufu mno wa kucheza. Alitaja mambo mawili: kuwa kuondoka kwake kutamhuzunisha, na kuwa anachelea mbwa mwitu asije akamla nao wameghafilika naye. Khofu ya baba ilikuwa juu ya mghafala wa walinzi. Wakaahidi kumlinda, na jioni wakarudi bila yake, na kanzu yenye damu ya uwongo, wakamtia makosani mbwa mwitu, naye hakuwa na kosa.

Ziwa Viktoria haliko sawasawa na mbwa mwitu yule, kwa kuwa ziwa huua kweli. Lakini wanaolitaja hufanana na wale ndugu kwa jambo moja. Mtoto anapozama, kila mmoja husema "ziwa limemchukua", na hapana anayeuliza ni nani aliyekuwa zamu. Mtoto wa miaka sita alikuwa majini peke yake saa saba mchana: mama yuko sokoni, baba amelala baada ya kuvua usiku, mwalimu alidhani amekwenda kwao, na jirani alimwona akapita. Watu wanne, na kila mmoja ana udhuru wake, na udhuru wote ukikusanywa haufikii kuwa mlinzi mmoja.

Basi hukumu ya khofu ni ipi? Khofu ya haki humlazimisha mlinzi kuwepo. Haimwondolei mtoto haki yake. Anayemfungia mtoto ndani kwa sababu hapana wa kumtazama nje amemtoza mtoto deni la wakubwa. Tena kumfungia hakumwepushi na khatari ila kwa muda. Mtoto wa Mwanza atalikuta ziwa siku moja, na akilikuta akiwa na miaka kumi na miwili, hajui kuogelea wala kuyatambua maji, khatari yake itakuwa kubwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani lashauri mambo mawili katika kuwakinga watoto na kuzama: walio chini ya umri wa skuli wawekewe mahali salama pa kuchezea palipo mbali na maji na penye mtu wa kuwatazama, na waliofikia umri wa skuli wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Na Waislamu hawakuyangoja maneno hayo, kwani inanasibishwa kwa Sayyidna Umar kuwa aliwaagiza watu wawafundishe watoto wao kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Hata huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha kuogelea watoto na mabinti wa Kiislamu wakiwa katika mavazi ya sitara.

Atauliza mtu: "Nitamfundishaje kuogelea katika maji yenye kichocho?" Suali hili ni gumu, wala jawabu yake haitosheki kwa neno moja. La kwanza ni kuyatafuta maji yasiyo na mdudu huyo kila yanapopatikana. Yasipopatikana, wanavyuoni wa fikihi wameweka kanuni kuwa madhara mawili yakikutana, jepesi huchukuliwa ili kulizuia zito. Kichocho kina dawa, na aliyezama hana. Mzee atakayeshika njia hii ni juu yake kumpa mtoto dawa kwa wakati wake, na kumsimamia yeye mwenyewe majini, na kuyakhofia maji ya magugu. Asiyeweza hayo asiingize mtoto majini, na amchezeshe nchi kavu.

YALIYO JUU YA WATU WANNE

Haki isiyokuwa na mtu wa kuitekeleza hubaki kuwa maneno. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeihesabu haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na ilimu, miongoni mwa yanayompasa mzazi. Na kabla yake, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 uliitaja, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Sheria hizo ni njema, lakini sheria haimshiki mtoto mkono.

Juu ya mzazi, ni zamu. Majirani kumi wenye watoto ishirini hawahitaji walinzi ishirini. Wanahitaji mtu mzima mmoja kila mchana, ajulikane kwa jina lake, asiye na kazi nyingine saa hiyo. Na mzazi amkumbuke mtoto wa kike, ambaye mara nyingi hubebeshwa mdogo wake mgongoni au ndoo kichwani wakati ndugu yake anacheza. Bibi Aisha alicheza na wenziwe kwa vitoto vya sanamu, na Mtume akiwaruhusu wenziwe waende kwake wakacheze naye. Haki hiyo haikuwekwa kwa wanaume peke yao.

Juu ya mwalimu wa skuli, ni kuligawa kundi. Nusu wakiwa nje chini ya mti na mama mmoja wa mtaa, wakihesabu vizibo na kuchora herufi mchangani, nusu ya ndani watapata nafasi ya kuonekana na mwalimu wao, kisha wabadilishane.

Juu ya mwalimu wa chuo, ni saa moja. Watoto wengi hutoka skuli adhuhuri wakala kwa haraka, wakaingia chuoni hata magharibi. Na jua likichwa wameamrishwa kuingia ndani. Basi saa ya kucheza aliyoitaja Imamu Ghazali iko wapi katika siku hiyo? Mwalimu atakayeitoa saa hiyo atamkuta mtoto amerudi na moyo ulio wazi, na juzuu atazimaliza.

Na juu ya wenye mali na maimamu, ni ardhi. Miji inajaa, na viwanja vya skuli vinamegwa kipande kwa kipande, leo duka, kesho karakana. Waislamu wa Afrika Mashariki wameweka wakfu visima, mashamba na nyumba za kuwasaidia mafukara. Mtu akiweka wakfu kiwanja kidogo karibu na msikiti au skuli, mbali na maji, kikazungushiwa ua, kikapandwa mwembe na mwarobaini wa kivuli, na kikachimbiwa choo kizuri, atakuwa amewahifadhi watoto na mahali patatu palipotajwa katika hadithi, kwa mkupuo mmoja. Na kila mtoto atakayekimbia humo baada ya kufa kwake ni sadaka inayoendelea.

Jawabu ya suali la mwanzo ni kuwa mwenye kumzuia mtoto mdogo na mchezo wa nje ameipunguza amana, ila akiwa anatafuta njia ya kumtoa salama. Na mwenye kumtoa pasipo kumtazama amefanya kama walivyofanya nduguze Yusufu, hata kama hakukusudia waliyoyakusudia. Mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na katika siku hiyo hatasikilizwa mtu atakayesema kuwa kosa ni la mbwa mwitu.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazee na walimu kuwa walinzi wasioghafilika, awahifadhi watoto wa Mwanza na wa pwani zote, na awakuze katika ilimu yenye manufaa na miili yenye afya. Amin.